Upindo wa Kukulia

9 Januari

Mdogo wangu Sindano,

Hujambo wewe na cherehani zako? Huku sisi wazima. Wifi yako anakusalimu, na anasema lile gauni ulilomshonea limemfanya azunguke mitaani siku nzima bila sababu yoyote.

Nina habari, kaa chini kwanza. Wakubwa wameamua sare za jeshi zisinunuliwe tena nje. Zishonwe hapa hapa nchini, na mafundi wetu wenyewe. Mji wenu umechaguliwa, na karakana iliyopendekezwa ni yako. Usinishukuru. Kazi yako imejisemea yenyewe, mimi nimeonyesha mlango tu.

Unajua jinsi nilivyohangaika miaka yote na swali moja: pesa inayokwenda kwenye ulinzi inaukuza uchumi au inaunyonya? Wenzangu wengi hapa wizarani wanasema inaunyonya. Mimi nasema inategemea inaishia kwa nani. Ikienda nje, imekwenda. Ikibaki nyumbani, askari anavaa, fundi analipwa, fundi ananunua viatu vya watoto, muuza viatu anapaka duka lake rangi, na fundi wa rangi naye anakula. Nimeandika andiko refu juu ya jambo hilo, na mkurugenzi amelisoma mpaka mwisho, kitu ambacho hajawahi kumfanyia mtu. Sasa nahitaji mahali pa kuwaonyesha watu kwamba si maneno matupu. Mahali penyewe ni kwako.

Afande atakuja kukagua. Mpe kiti kizuri.

Kaka yako,
Hesabu


21 Januari

Kaka yangu Hesabu,

Shikamoo. Sisi pia wazima.

Afande amekuja. Kiti kizuri alikikataa. Alizunguka chumba chote mikono mgongoni, akanusa kitambaa, akavuta uzi, kisha akamwuliza Mama Vifungo kwa nini anacheka. Unamkumbuka Mama Vifungo, anayenitobolea matundu na kushonea vifungo, yule asiye na breki mdomoni. Akamjibu kwamba suruali ya afande mguu mmoja mrefu kuliko mwenzake. Nikajua kazi imetuponyoka. Kumbe afande akavua kofia akacheka, akasema ndiyo maana tunatafuta mafundi.

Lakini kuna sharti. Chumba kitakachokata sare za jeshi hakitakata kitu kingine chochote. Hawataki kitambaa chao kiishie kwenye kaptura za watu. Kwa hiyo hakuna sare za shule, hakuna nguo za wateja wa mtaani, na ukutani pasiwe na karatasi ya kukatia isiyo yao.

Karatasi zile za vipimo unazijua, umekua chini yake. Kila shule ya mji huu ina zake, za kaki, zimetobolewa pembeni na kutundikwa msumarini vile vile alivyozitundika mama. Mwandiko wake wa penseli bado upo: "Hapa acha upindo wa kukulia," ili mtoto akirefuka nguo ishushwe. Na mila ya mafundi unaijua pia. Mwenye karatasi ndiye mwenye mteja. Ukimpa fundi mwenzako karatasi za shule, umempa shule yenyewe, na huwezi kurudi kuziomba hata kama mnakaa mlango kwa mlango. Nikizifungia sandukuni watoto watakwenda shule bila sare, na hilo siliwezi. Kwa hiyo nikikubali kazi hii, ni kuzitoa moja kwa moja.

Wewe ndiye uliye karibu na wakubwa. Nakuuliza, kazi hii ni ya kudumu au ya msimu? Kama ni ya msimu, niache na kaptura zangu. Neno lako ndilo nitakalolifuata.

Mdogo wako,
Sindano


30 Januari

Sindano,

Una wasiwasi kama marehemu mama siku ya kununua kitambaa. Jeshi halifungi likizo. Maadamu nchi ina askari, askari atavaa suruali, na suruali ya askari haidumu, kazi yake ni kutambaa. Ni kazi ya kudumu. Zitoe hizo karatasi, mpe mshindani wako Fundi Mrefu, kwa muda mrefu amekuwa akizimezea mate.

Karatasi moja tu usimpe mtu: ya kwangu. Ile ya mabega ambayo mama aliianza nikiwa sijajua hata kufunga vifungo. Maadamu iko kwako, mimi ni wako na siendi kwa fundi mwingine. Afande akiuliza, mwambie ni siri ya serikali.

Na ukipata nafasi mwaka huu nitakuomba suti. Kuna minong'ono kuhusu cheo.

Hesabu


26 Februari

Kaka,

Shikamoo. Nimezitoa. Wiki iliyopita nilizishusha ukutani, nikazikunjua, nikazipiga pasi ya vuguvugu kama mama, nikampelekea Fundi Mrefu. Alizipokea kwa mikono miwili. Hakunitania, na mtu yule hajawahi kukutana nami bila kunitania. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikamwambia kaka yangu ana hakika.

Niliporudi ukuta ulikuwa mtupu, umebaki na alama za vumbi, kila shule na umbo lake. Nililia kidogo, sikufichi. Kisha afande akaleta karatasi zake na marobota ya kitambaa, hata machozi yakakosa nafasi.

Sasa tuko wanawake kumi na wawili chumbani, tumebomoa ukuta wa stoo. Mama Vifungo ameacha kabisa kazi yake ya kufua mashuka kwenye zahanati, anasema hajawahi kupendwa na vifungo vingi namna hii. Mwenye kibanda cha chai ng'ambo ya barabara ameongeza mabenchi. Kinyozi amenunua kioo kipya. Yote uliyoyaandika nayaona kwa macho, nami najisikia kama nimeolewa na andiko lako.

Jambo moja tu mkono wangu haujalizoea. Karatasi za jeshi hazina upindo wa kukulia. Nilimwuliza afande, akasema askari amekwisha kukua. Ni kweli, lakini kila nikifika chini ya suruali mkasi unataka kuacha.

Fundi Mrefu naye haachi upindo, anabana kitambaa. Sisemi kitu. Si wateja wangu tena.

Karatasi yako iko nyuma ya mlango. Afande hajaiona.

Sindano


8 Aprili

Sindano,

Kwa haraka. Kamati ya wabunge inakuja kwako mwisho wa mwezi. Kuna kura kubwa inakaribia, ya mitambo mipya ya ulinzi, na wengi wanasitasita, wanasema nchi haiwezi kununua mitambo na kujenga kwa wakati mmoja. Nataka waone karakana yako. Usijiandalie hotuba. Sema unachokiona tu: kibanda cha chai, kinyozi, wanawake kumi na wawili. Wakikusikia wewe watalielewa andiko langu kuliko nikiwasomea mimi.

Vaa lile gauni la samawati.

Hesabu


29 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Walikuja, wakajaa chumba mpaka Mama Vifungo akawashonea vifungo wawili wao bila kuombwa. Nilisema nilichokiona. Nilisema pesa ya ulinzi inalala tu sehemu nyingine, lakini hapa inaamka asubuhi na kwenda kazini. Sijui nililitoa wapi neno hilo. Mbunge mmoja mnene, mwenye miwani, alinishika mikono yote miwili akasema kura yake imepata sababu.

Ningetaka niishie hapo. Lakini walipoondoka nilikutana na nesi wa zahanati, yule aliyemwuguza mama, akanipita bila salamu. Nilimfuata nikamwuliza kulikoni. Akasema: "Ujenzi wa wodi ya wazazi umefika usawa wa madirisha, na wewe umeenda kuwaambia wasiendelee." Nikamwambia mimi nimezungumzia suruali tu. Akanitazama, akaenda zake.

Ni kweli, kaka? Kura ikipita, wodi inasimama?

Suti yako nimeianza. Koti la rangi ya majivu.

Sindano


15 Mei

Sindano,

Imepita. Mbunge mnene amenukuu maneno yako mbele ya bunge zima, neno kwa neno, na hakusema ni ya nani, nami nilikuwa nimekaa nyuma najizuia kusimama niseme ni ya mdogo wangu.

Wodi haijafutwa, imesogezwa mbele. Usimsikilize nesi. Uchumi ukikua wodi itajengwa mara mbili, hata yeye atapata ofisi yenye feni. Ndivyo mambo yanavyokwenda, kwanza nguvu, halafu raha.

Bega la kushoto kumbuka limeshuka kidogo. Mama alikuwa anaweka pamba.

Hesabu


2 Julai

Kaka,

Shikamoo. Kitambaa cha mwezi huu hakijaja. Afande hapokei simu. Wanawake wanakuja, wanafagia, wanakaa. Ulizia.

Sindano


18 Julai

Kaka,

Shikamoo. Hukunijibu, nadhani una kazi nyingi.

Afande amekuja kuchukua karatasi zake. Safari hii kiti alikikubali, akakaa mpaka chai ikapoa. Nilimwuliza tumekosea wapi, mshono gani ulifumuka. Akasema hakuna. Akasema sare zimefika bandarini, zimeshonwa tayari, ndani ya makasha yale yale ya mitambo. Wanaotuuzia mitambo wametupatia sare kama nyongeza ya bure, imo kwenye mkataba wenyewe. Nchi ikipewa bure haiwezi kushona.

Niliuliza mara tatu maana sikutaka kuelewa. Mitambo ile ile, kaka. Ile niliyoiombea kura kwa mdomo wangu nimevaa gauni la samawati.

Mama Vifungo alirudi zahanati kuomba ndoo yake ya kufulia. Wameshampa mtu mwingine. Kibanda cha chai kimerudisha mabenchi ndani. Mimi sijui niwaambie nini wanawake hawa, maana ni mimi niliyewaita, na niliwaita kwa neno lako.

Najua wewe hukujua. Ungejua ungeniambia. Wamekuzunguka kama walivyonizunguka mimi, na nakuonea huruma maana najua andiko lile lilivyokuwa moyoni mwako. Niandikie unipe moyo, na mimi nikupe wa kwangu.

Mdogo wako,
Sindano


29 Julai

Mdogo wangu mpenzi,

Barua yako imeniumiza sana. Nataka ujue sikunyamaza. Mwanzoni mwa Februari, mara tu rasimu ya mkataba ilipotufikia mezani, mimi peke yangu kikaoni nilisimama nikasema kipengele cha sare hakifai, kitaua viwanda vyetu. Mkurugenzi ni shahidi. Nilipinga kwa mdomo na kwa maandishi. Walinisikiliza kwa heshima, wakakiacha. Unaona kwamba kaka yako hakukusahau hata siku moja.

Sasa ni kutulia. Mikataba hubadilika. Waambie wanawake wavumilie kidogo. Na suti, kama bado unaishona, itahitajika mwezi wa tisa. Suala la cheo limekuwa la kweli.

Wako daima,
Hesabu


6 Agosti

Kaka,

Shikamoo.

Nimeisoma barua yako nikaona hakuna shida, kaka amenipigania. Nikaikunja. Nikaenda kumwaga maji ya kufulia, na huko nje, beseni mkononi, ndipo neno Februari likanishika.

Mwanzoni mwa Februari karatasi za mama zilikuwa bado ziko ukutani kwangu. Nilizishusha baadaye, na siku nilipozipiga pasi wewe ulikuwa umekwisha kuiona rasimu, umekwisha kusimama kikaoni, umekwisha kushindwa na kukaa. Ungeniandikia mstari mmoja, "ngoja kwanza." Nilikuandikia mwenyewe kwamba nimezitoa na nimelia. Hukusema kitu.

Halafu ikaja Aprili. Ukanileta mbele ya wabunge niseme ninachokiona. Wewe ulikuwa unaona zaidi yangu, na ulinichagua kwa sababu mimi sikuwa naona. Ningekuwa najua, sauti yangu ingetetemeka, na andiko lako lingetetemeka nayo.

Kunisahau ningeweza kusamehe, watu wana mambo mengi. Lakini unasema hukunisahau hata siku moja. Basi ulinikumbuka kila siku na bado ukafanya. Hilo ndilo linalonikaba, kaka, nimeshindwa kulimeza na nimeshindwa kulitema.

Niambie kama nimeelewa vibaya. Natamani sana niwe nimeelewa vibaya.

Sindano


25 Agosti

Sindano,

Umeandika kwa hasira na sikulaumu. Lakini serikali si karakana, mtu hawezi kutoa siri za mezani kwa kila ndugu yake. Nilitegemea kipengele kile kitaanguka. Nilitegemea mkifanya vizuri, watakaposikia karakana inavyokwenda, wataona aibu kukiacha. Aprili nilikuwa bado nategemea hivyo. Kwa maana hiyo nilikuwa nakupigania hata pale unapodhani nilikuuza. Na lile andiko bado ni kweli, pesa ikibaki nyumbani inakuza. Haikubaki, basi. Kosa si la hoja.

Sasa nisikilize vizuri, hili ni kubwa. Magazeti yameanza kuuliza. Kamati inarudi mwezi ujao kuiona karakana, na cheo changu kimening'inia hapo. Nimezungumza na watu, marobota machache ya kitambaa yataletwa kwa kuazimwa. Waite wanawake wote wakae kwenye cherehani siku hiyo moja. Washone chochote, hata foronya. Hakuna atakayekagua. Nikipata kiti kile, nitakuwa na nguvu ya kuwarudishia kazi yenu. Nakuomba kama kaka yako, na kama mtoto wa mama mmoja.

Nitajitahidi kuja nao.

Hesabu


16 Septemba

Kaka,

Barua hii haina shikamoo. Nimejaribu kuiandika mara mbili, mkono umekataa.

Marobota yako yalifika. Sikuyafungua. Wanawake niliwaita, kama ulivyoomba, nikawaeleza kila kitu, pamoja na Februari, kisha nikawaambia kila mtu afanye apendavyo. Walikaa kwenye viti vyao, cherehani zimefunikwa, mikono mapajani. Hakuna aliyewapanga. Wageni walipoingia walitukuta hivyo hivyo.

Yule mbunge mnene alinitambua. Akaniuliza mbona hatushoni. Nikamjibu, "Tulishona mpaka mlipopiga kura." Alidhani ni mzaha, akatabasamu, kisha akaona anatabasamu peke yake. Nikamwambia sare zilikuwa ndani ya mkataba alioupigia kura, na mimi ndiye niliyempa sababu, na sote wawili hatukuambiwa. Aliuliza ni nani aliyejua. Nilitazama mlangoni nikutafute. Kaka, nakuapia, kama ungekuwa umesimama pale ningeshindwa. Ningesema sijui. Lakini hukuja, ulimtuma msaidizi wako na kalamu yake. Basi nikajibu.

Sijui watakufanya nini. Huenda wasifanye kitu.

Chumba cha karakana nimekirudisha kwa mwenye nyumba. Fundi Mrefu amenipa kazi ya kukata. Ana nafasi ya mtu mmoja tu, kwa hiyo Mama Vifungo hana pa kwenda, na bado ananisalimia, jambo ambalo linaniuma kuliko kama angenitukana. Sikumwomba Fundi Mrefu anirudishie karatasi, wala yeye hakujitia kunirudishia. Zimetundikwa ukutani kwake, nami nakata chini yake, namsoma mama kila siku nikiwa kibarua wa mtu. Jana niliacha upindo kwenye gauni la mtoto wa darasa la kwanza. Fundi Mrefu aliniona. Akapima kitambaa kilichozidi, akahema, akaniachia.

Suti yako imo kwenye kifurushi hiki. Niliianza kwa mapenzi, na nimeimaliza kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuipokea, na fundi haachi kazi aliyoipokea. Bega la kushoto nimeweka pamba. Kiunoni nimekuachia nafasi, wenye vyeo hunenepa. Vifungo ni vya Mama Vifungo. Hakutaka, nilimbembeleza.

Chini ya suti kuna karatasi ya kaki imekunjwa. Ni ile ya nyuma ya mlango. Ina mistari ya penseli ya mama tangu mabega yako yalipokuwa ya mtoto, kila mwaka mstari mpya nje ya ule wa mwaka uliopita, na ile ya pembeni kabisa ni ya kwangu. Usiitupe. Fundi utakayemwendea ataihitaji.

Sindano